Njia Panda na Daftari: Safari ya Clarksdale, Mississippi

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, walimu, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kunisikiliza: wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za jioni.

Nimeombwa nieleze safari yangu ya Clarksdale, mji mdogo wa jimbo la Mississippi, Kusini mwa Marekani, ambao wapenzi wa muziki wa blues huuendea kama watu waendao kuzuru kaburi la walii. Sensa ya mwaka 2020 iliwakuta huko wakazi wasiofika 15,000. Ni mji ambao mtu anaweza kuuzunguka kwa miguu kabla chai yake haijapoa, lakini hapo ndipo alipozaliwa mwimbaji Sam Cooke mwaka 1931, na mwaka huohuo akazaliwa mwanamuziki mwenzake Ike Turner. John Lee Hooker alitoka katika viunga hivyohivyo, Muddy Waters alikulia kwenye shamba la pamba kiasi cha kilomita kumi nje ya mji, na Bessie Smith, aliyeitwa Malkia wa Blues, alikata roho katika jengo ambalo mpaka leo limesimama kando ya barabara.

Wageni wengi huenda Clarksdale kwa ajili ya shetani. Nami nilikwenda kwa ajili yake, sifichi. Nitaeleza habari zake baada ya muda mfupi, lakini naomba mnivumilie nikisema mapema kwamba nilirudi nikiwa na hamu ya kuzungumzia kitu kingine, ambacho hakina sanamu wala bango la kupigia picha. Kitu hicho ni daftari la hesabu la mwenye shamba.

Nilisafiri mwezi Oktoba 2022, nikitokea Memphis, nikiendeshwa na mpwa wangu ambaye anafanya kazi huko katika ghala la mizigo. Kutoka Memphis mpaka Clarksdale ni kiasi cha kilomita 120 kuelekea kusini, kwa Barabara Kuu Namba 61. Vilima vinaisha mara tu unapoingia Mississippi, na ardhi inalala tambarare kama meza, kwa sababu nchi yote hiyo, ambayo wenyewe huiita Delta, ni udongo uliomwagwa na mafuriko ya Mto Mississippi na Mto Yazoo kwa maelfu ya miaka. Mto wenyewe huuoni, maana umefichwa nyuma ya tuta kubwa la udongo lililojengwa kuuzuia. Unachokiona ni pamba.

Mwana wa mkulima wa pamba wa huku kwetu Kanda ya Ziwa hawezi kupita hapo akanyamaza. Nilimwomba mpwa wangu asimamishe gari. Mashine ya kijani, kubwa kuliko nyumba niliyozaliwa, ilikuwa ikitembea shambani pasipo mtu yeyote chini, ikitema nyuma yake maburungutu ya mviringo yaliyofungwa kwa nailoni ya rangi ya waridi, kila moja likimzidi mtu kimo. Shamba zima halikuwa na mchumaji hata mmoja. Ukingoni mwa lami upepo ulikuwa umekusanya nyuzi nyeupe zilizopotea, nami nikaokota kidogo nikaichambua kwa vidole kutafuta mbegu, kama mama alivyotufundisha. Mpwa wangu, aliyezaliwa mjini, akaniuliza nafanya nini. Sikuwa na jibu la kumtosha.

Tulipofika mjini tulikwenda moja kwa moja kwenye njia panda ile maarufu. Hadithi mnaijua, kwani imezunguka dunia nzima. Inasemekana Robert Johnson, aliyeishi kati ya mwaka 1911 na 1938, alikuwa mpiga gitaa asiye na lolote la kusifiwa. Akatoweka kwa muda, na aliporudi alikuwa anapiga kwa namna ambayo waliomfahamu hawakuamini masikio yao. Ikasemwa kwamba alikwenda njia panda usiku wa manane, akakutana na shetani, akamkabidhi gitaa, shetani akalifunga nyuzi na kumrudishia, na bei ikawa roho yake. Alirekodi nyimbo 29 tu, katika miji ya San Antonio na Dallas, mwaka 1936 na 1937, kisha akafariki mwaka uliofuata, karibu na mji wa Greenwood. Hata kaburi lake linagombaniwa, kwa sababu kuna mawe matatu katika sehemu tatu, kila moja likidai kwamba yupo hapo.

Nani kati yetu anashangaa? Huku kwetu mwanamuziki akinunua gari la pili tu, mtaa mzima unajua jini lake linaitwa nani. Watu hawapendi kuamini kwamba mwenzao amekaa chini akajifunza, na katika habari ya Johnson ushahidi wa kujifunza upo: alikuwa na mwalimu, Ike Zimmerman, kule kusini zaidi, na walikuwa wakifanyia mazoezi makaburini usiku kwa sababu hapo hapakuwa na wa kuwalalamikia kelele. Isitoshe, hadithi ya njia panda ilisimuliwa kwanza juu ya mwanamuziki mwingine, Tommy Johnson, ambaye hata ndugu wa Robert hakuwa. Majina yalipofanana, hadithi ikahama.

Mahali penyewe pana nguzo yenye magitaa matatu ya buluu na namba za barabara mbili, 61 na 49. Kando yake magari yanasubiri taa, na hatua chache tu kutoka hapo upo mgahawa wa nyama choma wa Abe's, ulioanzishwa mwaka 1924 na mhamiaji kutoka Lebanoni. Isitoshe, katika siku za Johnson barabara hizo zilikuwa zikipita kwingine mjini. Nilipiga picha, bila shaka. Mbele yangu walikuwapo vijana wa Kijerumani, na nyuma yangu alisubiri mzee mmoja na mkewe, wote tukingoja zamu kwa adabu, kama watu waliopanga foleni kwa daktari.

Katika mgahawa huo nilikula tamale, ambayo ni unga wa mahindi uliojazwa nyama yenye pilipili, ukafungwa katika maganda ya mahindi na kuchemshwa. Ni chakula cha Meksiko ambacho Wamarekani weusi wa Delta wamekifanya chao tangu walipochanganyika na vibarua wa Kimeksiko katika mashamba ya pamba. Nilikula sita, na kama si aibu ningeongeza.

Sasa nije kwenye daftari. Utumwa ulipokomeshwa Marekani mwaka 1865, sehemu kubwa ya Delta ilikuwa bado msitu na kinamasi. Waliokata misitu hiyo, wakainua matuta na kuigeuza kuwa mashamba ya pamba, kwa wingi wao walikuwa watu weusi walioachwa huru bila ardhi. Mpango uliowashika kwa takriban miaka 80 ulikuwa wa kulima kwa kugawana mavuno. Mwenye shamba alitoa ardhi, kibanda, nyumbu na jembe, na familia ikatoa mikono yake yote, ya baba, ya mama na ya watoto. Mavuno yaligawanywa nusu kwa nusu, na hapo mtu anaweza kusema mpango huo haukuwa mbaya.

Ubaya ulikuwa katika miezi ya kati. Kuanzia machipuo mpaka mavuno familia haikuwa na senti, kwa hiyo ilikopa unga, mafuta, nyama ya chumvi, nguo na dawa kutoka katika duka la shamba, ambalo lilikuwa la mwenye shamba yuleyule, kwa bei aliyoipanga yeye, na riba juu yake. Kila kitu kiliandikwa, na mwandishi alikuwa karani wake. Pamba ilipovunwa, ilipimwa kwenye mizani yake na kuuzwa na yeye mwenyewe, kwa bei ambayo mkulima aliambiwa tu. Kisha, mwezi Desemba, mkuu wa familia aliitwa ofisini kufunga hesabu. Alisimama mbele ya meza, kofia mkononi, akasomewa. Mara nyingi aliambiwa kwamba mwaka huu amekaribia sana kumaliza deni, akazane mwaka ujao. Mwenye kuhoji hesabu alijiweka katika hatari ya kufukuzwa, ya kupigwa, na wengine waliuawa.

Wazee waliomo humu wanaelewa bila mimi kurefusha, kwa sababu mizani ya pamba ndiyo iliyowaamsha wakulima wa Kanda hii mwanzoni mwa miaka ya 1950, walipodai wapime wenyewe mali yao, na madai hayo, akiwamo Paul Bomani mbele, ndiyo yaliyozaa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955. Kule Mississippi mlango huo wa ushirika ulikuwa umepigwa kufuli, na aliyejaribu kuufungua aliujua mwisho wake. Kilichobaki wazi kilikuwa wimbo, na treni.

Nauita blues muziki wa daftari kwa sababu hiyo. Sikilizeni umbo lake. Mwimbaji anasema mstari mmoja, anaurudia kama alivyousema, ndipo anatoa mstari wa tatu unaoujibu. Wataalamu wataeleza habari za hatua kumi na mbili za wimbo na mpangilio wa kodi, yaani sauti za gitaa zinazopigwa kwa pamoja, na wako sahihi, lakini mimi kila ninaposikia mstari ule unarudiwa namwona mtu aliyesomewa jumla, akaomba isomwe tena, na ikasomwa vilevile. Mnaweza kunicheka. Ni dhana yangu, sikuitoa katika kitabu.

Muziki wenyewe ulianza kuandikwa na wasomi karibu na hapo. W. C. Handy, mwanamuziki aliyesoma nota na aliyehamia Clarksdale mwaka 1903 kuongoza bendi, alikuwa akisinzia katika stesheni ya kijiji cha Tutwiler, treni yake ikiwa imechelewa kwa muda wa saa tisa, alipozinduliwa na mtu mmoja mweusi mwenye nguo zilizochakaa aliyekuwa akipiga gitaa huku akiburuza kisu juu ya nyuzi. Mtu yule aliimba habari za mahali ambapo reli mbili zinakatana, na mstari huo aliurudia mara tatu. Handy alikuja kuandika kwamba hajawahi kusikia muziki wa ajabu kama ule, na miaka michache baadaye akawa maarufu kwa kuuchapisha. Jina la mtu yule hakuliuliza. Nilifika Tutwiler, ambako stesheni haipo tena, pamebaki michoro ya ukutani na reli iliyozungukwa na majani, nikakaa hapo kwa dakika kumi nikimkasirikia Handy, ambaye hakuwa na kosa kubwa kuliko wasafiri wengine wote wa enzi zake.

Jumba la makumbusho la Clarksdale, Delta Blues Museum, lilianza mwaka 1979 katika chumba kimoja tu, na tangu 1999 limekaa katika ghala la zamani la mizigo la stesheni ya reli, lililojengwa mwaka 1918. Pamoja na magitaa, nguo za jukwaani na picha, kuna kibanda. Ni kibanda halisi cha mbao alichokalia Muddy Waters, kilichotolewa Stovall, lile shamba alikokulia, na kusimamishwa ndani ya jengo. Nilikisogelea kadiri walinzi walivyoniruhusu. Magogo yake yamechongwa kwa shoka, na alama za shoka zinaonekana bado, zimelala kama magamba ya samaki. Kati ya gogo na gogo kuna nafasi ambayo ningeweza kupitisha vidole viwili, na niliwaza juu ya upepo wa Januari. Boriti moja iliyotoka humo ilipelekwa kwa fundi ikatengenezwa gitaa la umeme, kwa kusudi la kuichangishia makumbusho fedha. Gitaa hilo lina rangi nyeupe, na mstari wa buluu unaopinda juu yake kama mto.

Muddy Waters, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa McKinley Morganfield, alikuwa dereva wa trekta shambani humo wakati Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge la Marekani na John Work wa Chuo Kikuu cha Fisk walipomfikia mwezi Agosti 1941, wakiwa na mashine nzito ya kuchonga sauti kwenye sahani. Waliirekodi sauti yake, kisha wakamsikilizisha. Alikuja kusimulia mara nyingi kwamba kusikia sauti yake inatoka katika mashine, ikiwa nzuri sawa na za watu wa kwenye santuri, ndiko kulikomfanya aamini kwamba anaweza. Maktaba ilimtumia nakala mbili za sahani na hundi ya dola 20.

Naomba kuchepuka kidogo hapa. Work alikuwa mtu mweusi, mwanamuziki na profesa, na utafiti wa Coahoma, wilaya ya Clarksdale, ulikuwa wake na wenzake wa Fisk kwa kiwango kilekile, kama si zaidi. Maandiko yao yalikaa katika makabati mpaka yalipochapishwa mwaka 2005, wakati Lomax alikuwa ameshapata sifa zote. Daftari la wasomi nalo lina karani wake.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunayo picha inayofanana na ile ya Stovall. Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville ambao leo unaitwa Likasi, huko Katanga, Hugh Tracey, Mzungu aliyekuwa akikusanya muziki wa Kiafrika, alimkuta kijana akipita barabarani na gitaa lake, akamrekodi. Kijana huyo alikuwa Jean Bosco Mwenda, aliyeimba kwa Kiswahili, na wimbo wake wa Masanga ukaenda kusomwa na wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani kana kwamba ni somo la hesabu. Mzungu mwenye mashine, Mwafrika mwenye gitaa la mbao na mji wa kampuni vilikuwapo huko pia. Nilipokuwa mbele ya kibanda kile nilikuwa nikisikia vidole vya Mwenda.

Siku ya pili tulikwenda shamba la Hopson, kusini kidogo mwa mji, ambako leo vibanda vya wakulima vimefanywa vyumba vya kulaza watalii. Wanaolala humo hulipa kwa usiku mmoja fedha ambazo familia iliyokaa humo zamani haikuziona kwa mwaka. Sitawahukumu, maana nami nilitamani kulala, ila nafasi zilikuwa zimejaa. Kilichonipeleka Hopson ni tarehe 2 Oktoba 1944. Siku hiyo maelfu ya watu walikuja kutazama mashine nane za kuvuna pamba zikiingia shambani. Mchumaji hodari alichuma kiasi cha ratili 20 kwa saa, na mashine moja ikachuma kufikia ratili 1,000. Mwenye shamba alimwagiza mhasibu wake apige hesabu kwa makini, na jibu likaja kwamba kuvuna robota moja kwa mikono kuligharimu dola 39.41, na kwa mashine dola 5.26. Kila mashine ilifanya kazi ya watu 50.

Hesabu hiyo iliandikwa kwa unyoofu kabisa, pengine ndiyo hesabu nyoofu kuliko zote zilizowahi kuandikwa katika mashamba yale, na ndiyo iliyomaliza kazi. Watu weusi walikuwa wameshaanza kuhamia Kaskazini tangu Vita Kuu ya Kwanza, lakini baada ya mashine mashamba hayakuwa na haja nao tena. Wanahistoria wanakadiria kwamba kufikia mwaka 1970 kiasi cha Wamarekani weusi milioni sita walikuwa wameondoka Kusini. Wa Delta walipanda treni iliyokwenda Chicago, na blues ikapanda pamoja nao, ikachomekwa kwenye umeme ili isikike juu ya kelele za vilabu vya mjini.

Hoteli ya Riverside nilitazama nje tu, kwa sababu dhoruba ya mwaka 2020 iliiharibu na mwaka uliofuata ikatajwa miongoni mwa majengo 11 ya historia yaliyo hatarini zaidi nchini Marekani. Mwanzoni ilikuwa hospitali ya watu weusi. Alfajiri ya tarehe 26 Septemba 1937 Bessie Smith aliletwa hapo, mkono wake ukiwa umekaribia kung'oka, baada ya gari lake kugonga lori kwenye Barabara ya 61, na humo ndimo alimofariki. Uvumi ulienea, na mpaka leo kuna wanaourudia, kwamba alikataliwa mlangoni mwa hospitali ya Wazungu akatoka damu mpaka kufa. Daktari wa Kizungu aliyemkuta barabarani na kumhudumia alikanusha, na alisema kweli: alipelekwa moja kwa moja katika hospitali ya weusi, kwa kuwa katika Mississippi ya siku zile hakuna dereva ambaye angewaza kumpeleka kwingine. Mama mmoja shupavu, Z. L. Hill, aliifanya hoteli mwaka 1944, wakati msafiri mweusi hakuwa na pa kulala mjini. Ndani yake Ike Turner na vijana wake walifanya mazoezi ya wimbo walioupeleka Memphis kuurekodi mwezi Machi 1951, ambao wengi huuhesabu kuwa santuri ya kwanza ya roki. Jina la Ike kama kiongozi halikuwekwa kwenye lebo. Liliwekwa la mwimbaji wake.

Usiku wa mwisho tulikwenda kwenye klabu. Kuna klabu kubwa, Ground Zero, iliyofunguliwa mwaka 2001 na mwigizaji Morgan Freeman na wenzake, ambayo kuta zake zimejaa sahihi za wageni. Ni mahali pazuri, mtu apaendee. Sisi tulivuka kwenda Red's, kando ya Mto Sunflower, iliyokuwa ya Red Paden, aliyefariki dunia mwishoni mwa mwaka 2023, mwaka mmoja na miezi baada ya safari yetu. Ni chumba cha dari fupi, chenye taa nyekundu, kisicho na jukwaa. Mpigaji anakaa juu ya zulia, na ukinyoosha miguu unaweza kugusa kipaza sauti chake.

Aliyekuwa akipiga ni mzee mwenye suti ya kijivu na viatu vilivyong'arishwa. Nilikaa mita mbili tu kutoka kwake, nikautazama mkono wa kushoto. Kidole cha mwisho kilikuwa kimevaa kipande cha chuma kama pete ndefu, ambacho alikiburuza juu ya nyuzi. Tulizoea kwamba sauti ina ngazi zake, mtu hukanyaga moja baada ya nyingine. Mzee yule alikuwa akisimama katikati ya ngazi, mahali ambapo kinanda cha kanisani hakina kitufe, akiitetemesha sauti hapo mpaka mtu unatamani aimalizie, ndipo anaiachia. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kikipiga besi bila kuchoka, kodi ileile moja kwa dakika nyingi, na mama mmoja mtu mzima aliyekaa karibu na mlango aliinuka, akaweka mkoba wake juu ya kiti, akacheza peke yake bila haraka. Wimbo ulipoisha aliuchukua mkoba akakaa. Hakuna aliyepiga makofi kwa ajili yake, maana hakuwa amecheza kwa ajili yetu.

Asubuhi yake tulitembea katikati ya mji. Sitaki mwondoke na picha ya sikukuu tu. Sikukuu zipo: ya vilabu vya blues kila Aprili, na ya blues na injili kila Agosti tangu 1988, na siku hizo vitanda havipatikani. Lakini miaka ya 1970 wakazi walizidi 20,000, na sasa katika mitaa mingi nilihesabu maduka yaliyopigiliwa mbao kuliko yaliyofunguliwa. Katika maduka hayohayo ya zamani ndimo Aaron Henry, mfamasia wa hapo na kiongozi wa harakati za haki za watu weusi, aliongoza kususia ununuzi mwishoni mwa mwaka 1961, akiwaonyesha wafanyabiashara kwamba fedha ya mtu mweusi inaandikwa katika daftari kwa wino uleule. Nyumba yake ilirushiwa bomu la moto mwaka 1963. Watalii wachache huuliza habari zake, nami niliuliza kwa sababu tu nilisoma kibao nilipokuwa nakwepa jua.

La kutia moyo nililikuta katika makumbusho, ambako watoto wa mji hufundishwa gitaa, ngoma na kuimba. Christone Ingram, ajulikanaye kama Kingfish, aliyezaliwa mwaka 1999, alipita katika mafunzo hayo, na mwaka 2022 alipata tuzo ya Grammy kwa albamu aliyoipa jina la namba ya simu ya eneo lao, 662.

Kabla ya kurudi Memphis nilimwomba mpwa wangu tupite Stovall. Kibanda hakipo, kwa kuwa nilishakiona mjini. Pana kibao kando ya barabara, na pamba pande zote. Nilimsimulia alichokiacha Muddy Waters hapo. Mwaka 1943 alikuwa analipwa senti 22 na nusu kwa saa kuendesha trekta, akamwomba mnyapara amwongeze zifike 25. Mnyapara alikataa kwa hasira. Siku chache baadaye Muddy alikuwa katika stesheni ya Clarksdale, na sanduku, na gitaa, akingoja treni ya kumwanzishia safari ya Chicago.

Mpwa wangu, ambaye naye analipwa kwa saa, alitoa simu akaanza kubonyeza. Senti mbili na nusu, saa kumi kwa siku, siku sita. Alinionyesha kioo bila kusema neno: dola moja na nusu kwa wiki. Kisha akawasha gari, tukaingia Barabara ya 61.

Asanteni kwa kunisikiliza.